Kabla ya Kupanda Treni

Mtu anayekwenda Kigoma hujulikana mtaani kabla hajakata tiketi. Madumu humtangaza. Huanza kuja moja moja, jioni, yakiwa yameoshwa kwa maji ya moto na kuanikwa kichwa chini mpaka harufu ya mafuta ya zamani ikaisha: dumu la lita tano la jirani anayetaka mawese, la lita tatu la fundi cherehani aliyezaliwa Kasulu, na kidumu kidogo cha asali ambacho mwenyewe anataka kijazwe Tabora, tena asali ya nyuki wadogo ikipatikana. Kila moja limeandikwa kwa wino mzito jina na idadi ya lita. Wiki ya kuondoka, kona ya sebule yangu huwa imejaa vyombo vitupu, nami huvitazama kwa furaha ambayo sanduku lililojaa halijawahi kunipa.

Vyombo hivyo vinaniambia kwamba ninakokwenda kuna kitu ambacho watu wa hapa bado wanakikumbuka ulimini. Fundi cherehani hajaiona Kasulu kwa miaka mingi. Akileta dumu lake haketi. Hubaki amesimama mlangoni, akauliza kama barabara ya kwao imekwisha kutiwa lami, kama mvua zimeanza, kama treni bado inasimama Uvinza na wauza chumvi bado wapo. Namjibu ninachojua. Nisichokijua namwahidi kwamba nitakwenda kukitazama. Kwa muda huo mfupi sote wawili tunakuwa tumeshafika.

Wapo wanaoanza safari siku yenyewe ya kuondoka. Hufunga begi usiku wa manane, wakafika stesheni wakihema, na hufika salama waendako. Siwalaumu. Nadhani tu wanaikosa sehemu ya safari niipendayo kuliko zote, yaani zile siku ambazo watu wa kule huhamia kwangu kabla sijawafikia. Nikienda kununua viatu vya mama, mguu wake ninao mkononi: nina uzi wa katani wenye urefu wa unyayo wake, nao hukaa ndani ya pochi pamoja na kitambulisho. Muuza viatu wa Kariakoo huuingiza uzi ndani ya kiatu, akaunyoosha kutoka kisigino mpaka kwenye ncha, kisha akaniuliza kama mama ana mguu mpana. Hapo hulazimika kutulia na kumwona anavyosimama uani kwake Ujiji asubuhi, peku, akiwarushia kuku mahindi. Ndiyo, ni mpana. Nipe namba inayofuata.

Kitenge sipeleki. Vitenge vya Kongo hupitia Kigoma, na mwenyeji wa kule akiletewa kitenge kutoka Dar es Salaam hukipokea kwa adabu tu. Zawadi ni kanga, na kuchagua kanga ni kazi. Mama haanzi na rangi. Huanza na maneno. Shangazi naye husoma maneno ya kwake, kisha akaomba aone yaliyo kwenye kanga ya mama. Kwa hiyo nasimama dukani muda mrefu, doti baada ya doti ikikunjuliwa juu ya meza, nikiupima kila msemo kwa masikio ya wale wawili: huu una kijembe, huu hauna kijembe lakini unaweza kudhaniwa unacho, huu ni wa harusi na kule hakuna harusi, huu unamshukuru Mungu na hauwezi kumkera mtu. Rangi hufuata baadaye, na uzito wa kitambaa lazima uwe mmoja kwa wote wawili. Muuzaji mzuri hakuharakishi. Anajua kwamba mteja aliye mbele yake anazungumza na wanawake walio mbali zaidi ya kilomita elfu moja, na kwamba mazungumzo hayo yanapaswa kuisha kwa amani kabla fedha haijatolewa.

Njia yenyewe imezoea maandalizi marefu. Kabla ya reli, misafara ya pwani ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji kwa miguu, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba kila mmoja mzigo wa frasila mbili hivi, kilo 30 na kidogo, mbali na mkeka wake na chungu chake. Mizigo ilipimwa na kufungwa pwani kwa siku nyingi, kwa sababu kamba iliyolegea Bagamoyo ingemtesa mtu mpaka Ugogo. Henry Morton Stanley alishuka Zanzibar tarehe 6 Januari 1871 akimtafuta David Livingstone, lakini msafara wake wa mwisho haukuondoka Bagamoyo mpaka tarehe 21 Machi. Muda wote huo alikuwa akinunua na kufunga: vitambaa vya merikani na kaniki, nyaya, shanga. Shanga zilimsumbua. Rangi iliyopendwa na watu wa nchi moja ilikataliwa na jirani zao, na aliyekosea rangi alibebesha watu mzigo usionunua hata kibaba cha mtama. Ilimbidi aende kuwauliza wafanyabiashara Waarabu wa Zanzibar waliokuwa wameijua njia kabla yake.

Sina mapenzi na Stanley. Aliwatandika viboko watu waliombebea mizigo yake. Lakini katika habari za misafara ya zamani imo desturi moja ambayo kila nikiiwaza hufurahi, na haikuwa yake, ilikuwa ya njia. Siku ya kwanza msafara haukwenda mbali. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia, baragumu ikalia, bendera ikainuliwa, watu wakatoka mjini kwa nyimbo na shangwe, kisha baada ya saa chache tu wakatua, pwani ikiwa bado karibu nyuma yao. Hapo walimngoja aliyechelewa kumuaga mkewe. Hapo mzigo uliokaa vibaya begani ulifunguliwa ukafungwa upya, na mtu alitumwa arudi mbio kuchukua kilichosahauliwa. Wazee wale walijua kwamba hakuna aondokaye bila kusahau kitu, wakakutengea kusahau siku yake.

Kwetu kambi ya kwanza ni sebuleni. Baba, aliyefanya kazi ya reli ujana wake wote, alitaka mizigo ilale karibu na mlango, imefungwa, siku moja kabla ya usiku wa mwisho. Baada ya hapo haikufunguliwa ila kwa kuongeza kilichosahauliwa au kupunguza kilichozidi. Asubuhi yake kila mtu aliubeba wake akauzunguka uani mzima, mkubwa kwa mdogo. Begi lililokata bega lilipunguzwa palepale mbele ya watu wote, na baba hakusikiliza utetezi wa mtu. Nimeishika sheria hiyo. Watoto wangu wanaipenda kuliko nilivyoipenda mimi: huzunguka wakiwa na mabegi mgongoni na viatu vya safari miguuni, wakiagana na mti wa mwembe na kuku wa jirani, na yule mdogo hukataa kulivua begi mpaka chakula cha usiku kikaandaliwa.

Usiku huo wa katikati, mizigo ikiwa imefungwa mlangoni, huleta mambo ambayo orodha ya karatasi haiyaleti. Mmetulia, mmelala, mara mke wangu anakaa kitandani: miwani ya bibi bado iko kwa fundi. Nusu saa baadaye ni zamu yangu, nimekumbuka cheti cha kuzaliwa cha mpwa wangu ambacho shangazi alikiomba tangu Ramadhani. Kimekaa kabatini kwenye bahasha, kimekaa tu, kwa sababu mchana kila mtu yumo mbioni na hakuna anayesikia sauti ya kitu kidogo kinachomhusu mtu aliye mbali.

Na mtu wa Kigoma hawezi kuzungumzia kufunga mizigo akaiacha Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari mpaka Dar es Salaam na kupandishwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma Februari 1914. Mwaka 1915 ikaelea ziwani. Nikiwa na begi langu ambalo zipu haifungi, huwa namuwaza aliyeshika daftari la masanduku yale, aliyejua bamba gani limo wapi na parafujo gani ni ya tundu gani. Mwaka uliofuata, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha meli wenyewe isije ikatekwa, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, mashine zikiwa bado zinafaa. Watu walikuwa wanakimbia, na bado walipata muda wa kuiandalia meli siku ya kuibuka. Grisi ile hunigusa kuliko masanduku yote.

Chakula cha njia kina utaratibu wake, nao hauna mjadala. Chenye mchuzi huliwa mwanzo, kikavu husubiri. Wali na kuku wa kukaanga ni wa usiku wa kwanza. Mayai ya kuchemsha ni ya asubuhi. Kisha hufuata chapati zisizo na mafuta mengi, maandazi, karanga na machungwa, na ndimu kwa wanaochafukwa na tumbo. Chai inakaa kwenye chupa, na chupa inakaa kwa mtu mzima. Hatupiki kupita kiasi kwa sababu njia yenyewe inalisha. Saranda wanakungoja na kuku wa kuchoma, na sijui safari ya Kigoma ambayo mtu hakuning'inia dirishani pale akipatana bei huku treni ikiashiria kuondoka. Lakini jioni ya kukaanga maandazi ni ya nyumbani, na ndiyo jioni ya furaha kubwa kuliko zote. Iliki inanukia mpaka barabarani. Watoto huyala ya safari kabla ya safari, mama yao huwaacha, kisha anakanda mengine. Jirani akipita hasemi hodi, huuliza kwa sauti akiwa huko huko nje: "Ni kesho?"

Wakati huohuo uani wasichana wanasukwa. Nywele za safari husukwa ndogondogo na kukazwa, zidumu mpaka siku ya kurudi, na anayesukwa hulalamika na anayesuka humwambia atulie, bibi yake asije akasema watoto wa mjini hawatunzwi. Wavulana wamepelekwa kinyozi. Mke wangu anagawa fedha: za tiketi zimelipwa, za njiani zinakwenda kwenye mkoba, na zile ambazo hakuna kuziongelea mbele za watu hufungwa kwenye pindo la kanga, fundo dogo gumu, ambalo hata mimi sijui lina kiasi gani. Simu tunazo, na fedha siku hizi husafiri ndani ya simu. Fundo bado linafungwa. Mama yake alimfungia fundo hilo alipopanda treni kwa mara ya kwanza, na sidhani kama kuna mtandao utakaomshawishi aliache.

Kisha kuna kuaga, na hapa nisingependa kupita haraka. Kwetu mtu hasafiri kwenda mbali bila kuomba radhi. Deni la dukani hulipwa, hata likiwa la kiberiti. Kilichoazimwa hurudishwa. Mtu hupita nyumba hii na ile, jioni, akiwa ameoga, akasema kwamba kesho anaondoka na kwamba kama kuna neno lililomtoka au lililomuudhi mtu, basi wasameheane, maana mwenda njia hajui. Watu wengi hujibu kwa mkato, hakuna kitu, nenda salama, tusalimie huko. Lakini nimeona waliokuwa hawasalimiani kwa miezi wakipeana mikono kwa sababu mmoja wao anapanda treni. Hakuna kikao kilichoitishwa wala mzee aliyeletwa kuamua. Safari iliwapa sababu ya kusimama mlango mmoja, na sababu hiyo ilitosha.

Nyumba ya mwisho ninayopita ni ya mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini Kigoma.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nasikia unakwenda kwetu."

"Naam babu, Mungu akipenda."

Huniombea dua fupi, viganja juu, midomo ikicheza bila sauti. Haleti dumu wala haagizi dagaa. Huniambia nikifika nishuke mpaka ufukweni, Kibirizi au popote, ninawe uso kwa maji ya ziwa kwa ajili yake. Nimefanya hivyo kila ninapokwenda, na nikirudi namweleza maji yalikuwaje siku hiyo, baridi au vuguvugu, yametulia au yana mawimbi. Hunisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

Upande wa pili nao unaandaa, na wakati wote wa pirikapirika zangu hilo sitaki kulisahau. Ujiji godoro la wageni linaanikwa juani likipigwa fimbo, chandarua kinafuliwa, jogoo mmoja ametengwa na wenzake bila kuambiwa sababu. Mama ameshawaambia watu wa msikitini na watu wa sokoni. Kila siku anauliza kama Kilosa kunanyesha. Hajawahi kushuka Kilosa maishani mwake. Anaijua kwa jambo moja tu: reli kati ya Kilosa na Gulwe hupita bondeni kandokando ya mto Mkondoa, na masika yakizidi maji huichukua, treni zikasimama. Kwa hiyo ameifanya mvua ya Kilosa kuwa jambo lake. Huisikiliza redioni kwenye taarifa ya hali ya hewa, anatuombea huko mawingu yapungue, na akisikia ni shwari hupiga simu kutuarifu sisi tulio karibu na Kilosa kuliko yeye. Ninapomsikia akilitamka jina hilo najua kwamba katika kichwa chake tumeshapanda na tumeshafika Kilosa, tunapita salama.

Usiku wa mwisho silali. Nimeshakuwa mtu mzima, njia naijua stesheni kwa stesheni, na bado mchecheto ule wa utotoni hunirudia mzima: tumbo jepesi, masikio yamesimama, mkono ukipapasa chini ya mto kuona kama tiketi ipo. Zamani nilidhani ni hofu ya kuachwa. Sasa naona ni kwamba kwa usiku huo mmoja mtu ana nyumba mbili zinazomngoja, moja inamwachia na nyingine inampokea, na moyo haujajua ulale ipi.

Mambo yanabadilika, na kwa sehemu kubwa yanabadilika kwa heri. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro, na kuanzia Julai mwaka huohuo inafika Dodoma kwa muda wa saa nne hivi. Mabasi, yaliyozuiwa kutembea usiku kwa miaka mingi, yaliruhusiwa tena mwaka 2023, na wengi hawahitaji tena kuamka saa tisa usiku kuliwahi basi la saa kumi na mbili alfajiri. Mkataba wa kuijenga reli mpya kutoka Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Nikijaliwa nitaipanda siku za mwanzo kabisa. Mama anazeeka, na kila saa inayopungua njiani ni saa ninayoweza kukaa naye kwenye mkeka. Wanaoililia treni ya polepole kwa sababu ya mandhari pengine hawana mgonjwa upande wa pili.

Ila nina hofu. Kijana anayekwenda Dodoma asubuhi na kurudi jioni hamuagi mtu, na hana haja; ni kazi tu. Tabia hiyo ikihamia kwenye safari za kwenda kwa wazazi, fundi cherehani atalipeleka wapi dumu lake, na maswali yake ya Kasulu atamuuliza nani? Ningependa treni iwe ya haraka na maandalizi yabaki marefu. Kanga zisomwe. Mizigo ilale mlangoni hata kama njia ni ya siku moja. Deni la kiberiti lilipwe. Kama tutapunguziwa saa za kukaa kwenye behewa, ziko saa za kutosha kumkumbuka mtu mmoja mmoja kwa jina na kwa saizi ya mguu wake kabla hatujaenda kusimama mbele yake.

Safari ya mwaka huu imekaribia. Juzi nilimpigia mama kumtajia siku. Akasema nisilete kitu, niende mwenyewe tu na mke wangu na watoto, maisha ni magumu kila mahali. Nikanyamaza, maana namjua. Akauliza habari za Kilosa. Akauliza watoto wamekua kiasi gani, nikamwambia mkubwa ananifika begani, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka nikasikia shangazi akiuliza kuna nini. Kisha akasema kama itatokea nimepita Kariakoo, kama itatokea tu, kuna zile sufuria nyepesi zenye mfuniko wa kioo ambazo jirani yake aliletewa na mwanawe. Na bizari ya pilau, isagwe nikiwa nimesimama pale pale. Na mawe ya redio ya shangazi, yale makubwa. Nikachukua kalamu. Alipomaliza akataka nimsomee nilichoandika, ahakikishe. Nikamsomea kuanzia juu, na nilipofika mwisho akaongeza nazi kumi.